Waliendesha ndege za jeshi, karatasi ikasema si askari



Wazee wa mji huu hawajasahau ndege za Mei 1978, zilipoangusha askari wa miavuli wa Ufaransa juu ya Kolwezi. Ukitaja ndege ya vita, karibu kila mtu anamfikiri mwanaume. Leo tuongee juu ya wanawake walioendesha ndege za jeshi, kisha wakangoja zaidi ya miaka thelathini serikali yao ikubali kwamba walikuwa jeshini. Ni habari ya mbali, ya Marekani, lakini inatugusa. Kati yetu ziko familia nyingi zilizokimbia vita na kuacha karatasi zote nyumbani, na zinajua uzito wa kuulizwa: una ushahidi gani?

Ilikuwa Vita Kuu ya Pili ya dunia. Mwaka 1940 Hitler aliivamia Ubelgiji, na shaba ya Katanga ikaanza kwenda kwa Waingereza na wenzao. Marekani iliingia vitani Desemba 1941, na upesi ikakosa marubani, maana wanaume walihitajika ng'ambo. Wanawake wawili wenye ujuzi wa ndege, Jacqueline Cochran na Nancy Love, waliomba wanawake wapewe kazi. Mwaka 1943 vikundi vyao viliunganishwa kuwa kimoja, kikaitwa WASP. Zaidi ya wanawake 25,000 waliomba kuingia. Walikubaliwa 1,830, na 1,074 walimaliza mafunzo. Wanawake weusi walifungiwa mlango: Janet Harmon Bragg alikuwa na leseni ya urubani, lakini alikataliwa kwa sababu ya rangi yake.

Kazi yao haikuwa mchezo. Walitoa ndege mpya viwandani na kuzipeleka kwenye kambi za jeshi. Walijaribu ndege zilizotoka kutengenezwa, kuona kama zitaruka au zitaanguka. Walivuta shabaha za kitambaa nyuma ya ndege, huku askari wanafunzi wakiwa chini wanapiga risasi za kweli. Mwaka 1944 marubani wanaume waliiogopa ndege kubwa ya B-29, kwa sababu injini zake zilikuwa zinawaka moto. Kamanda mmoja, Paul Tibbets, akawafundisha wanawake wawili kuiendesha kwa siku chache tu, akawazungusha kambi kwa kambi. Wanaume walipoona wamama wameshuka wazima, waliacha kulalamika.

Wanawake 38 walikufa kazini. Hapo ndipo neno la karatasi lilipoanza kuuma. Walivaa nguo za jeshi na kutii amri za jeshi, lakini vitabu vya serikali viliwaandika kama raia wa kawaida. Mmoja akianguka na ndege, jeshi halikulipa kusafirisha maiti. Wenzake walichanga pesa ili arudishwe kwa wazazi. Sanduku lake halikustahili bendera ya taifa.

Mwaka 1944 Bunge lilikataa sheria ya kuwaingiza jeshini rasmi. Tarehe 20 Desemba mwaka huo kikundi kikavunjwa, vita haijaisha. Kila mmoja alirudi nyumbani kwa pesa yake. Mafaili yao yakafungwa kama siri ya serikali. Waandishi wa historia ya vita hawakuyaona, na watoto wa shule hawakufundishwa.

Miaka ya 1970, jeshi la anga lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza litafundisha wanawake kuendesha ndege zake. Wale wa zamani, sasa wana mvi, walikasirika. Kwa mara ya kwanza namna gani? Wakakusanyika, wakaenda Bungeni. Seneta Barry Goldwater, aliyekuwa rubani wakati ule ule wa vita, akawasimamia. Vyama vya wapiganaji wa zamani viliwapinga, vikisema hawa walikuwa raia tu. Kilichosaidia sana ni karatasi moja: hati ya kuacha kazi ya mmoja wao, iliyoandikwa kwa maneno yale yale ya hati ya askari. Novemba 1977 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuwatambua. Mwaka 2010 walipewa medali ya dhahabu ya Bunge.

Hata hivyo mambo hayakuisha. Elaine Harmon, mmoja wa marubani hao, alifariki mwaka 2015, na makaburi ya taifa ya Arlington yalikataa majivu yake. Familia yake ikapigana tena, mpaka sheria nyingine ikapita mwaka 2016.

Tusifikiri ni mambo ya wazungu tu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau hadi kupewa cheo cha Field Marshal. Alitoka msituni nchi ilipopata uhuru mwaka 1963. Lakini sheria ya wakoloni ya kuipiga marufuku Mau Mau ilibaki mpaka 2003. Wazee, wanaume na wanawake, walipoishitaki Uingereza kwa mateso waliyopata, mafaili yaliyokuwa yamefichwa huko Uingereza yalitolewa, yakawapa nguvu. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228. Muthoni alifariki Septemba 2023.

Na kwetu Kongo? Mwaka 1916 Force Publique iliwapiga Wajerumani mpaka ikaingia Tabora. Wake wa askari walitembea na safu hizo, wakipika na kubeba mizigo. Jenerali Tombeur alipewa na mfalme jina la heshima, akaitwa Tombeur wa Tabora. Mama aliyembebea askari chungu na mtoto njia nzima hakupewa jina lolote.

Somo ninaloliona ni hili. Vita haichagui, inatumia kila mtu. Ikiisha, serikali inauliza karatasi. Wale marubani walishinda kwa sababu walikuwa wametunza hati, barua na picha, na kwa sababu hawakuachana. Kwa hiyo, kama nyumbani kwako kuna mama au nyanya aliyehudumia majeruhi, aliyepikia askari au aliyebeba mizigo ya vita, mkae naye jioni hii. Andikeni jina lake, mahali, mwaka, na majina ya waliokuwa naye. Daftari ya shule inatosha. Walioacha kila kitu njiani pia waanze na kile wanachokumbuka, wangali hai wa kushuhudia.