Wafasiri wa Mashine

Chombo cha kupimia hakina ulimi. Waya za kupimia joto zikitiwa katika maji yachemkayo hutoa umeme hafifu tu, wala hazitaji nambari yo yote. Umeme huo hukuzwa, kisha kigeuzi huufanya tarakimu. Kigeuzi cha biti 12 hugawa kipimo chake katika ngazi 4,096. Basi ikiwa kipimo ni volti 10, kila ngazi ni kadiri ya milivolti 2.4. Lakini ni nani azichukuaye tarakimu hizo na kumfikishia mwanafunzi asiyejua lugha ya mashine? Jibu lake ni historia ya wafasiri.

Kompyuta za kwanza ziliamriwa kwa tarakimu tupu, na waliozijua walikuwa wachache mno. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, alikuwa amekwisha kutunga A-0, programu iliyokusanya vipande vya kazi vilivyowekwa akiba na kuviunga kuwa kazi moja. Wengi hawakusadiki, walishikilia kwamba kompyuta yajua hesabu tu. Hata hivyo, mwaka 1957 John Backus na wenzake wa IBM walitoa Fortran, na mwenye sayansi akaweza kuandika kanuni zake karibu kama azijuavyo. Mfasiri wa namna hii huitwa kompaila.

Katika mwaka 1972 Dennis Ritchie wa Bell Labs alibuni C, lugha iliyo jirani sana na mashine. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa vyombo waliichagua kuandikia viendeshi vyao. Kisha Mholanzi Guido van Rossum alianza Python mjini Amsterdam mwishoni mwa 1989, akaitoa mwaka 1991. Sifa yake ni wepesi wa kusomeka. Walakini hufika kwenye maunzi kwa kuupitia mkono wa C.

Ndiyo sababu kifurushi cha Python cha kukusanyia vipimo mara nyingi huwa na sehemu mbili: moja ya Python, nyingine ya C. Ile ya C haina budi kufasiriwa kwa ajili ya prosesa ya kompyuta husika. Kazi hiyo yataka kompaila, mafaili ya maelezo ya Python, na maktaba ya mtengenezaji wa chombo. Kimoja kikikosekana, kazi husimama. Kompaila isipoliona faili la Python.h, haitakisia, itakataa.

Mwaka 2003 ghala la vifurushi, PyPI, lilifunguliwa, na mwaka 2013 likakubaliwa umbo la vifurushi vilivyokwisha kufasiriwa. Tangu hapo wengi husakinisha kwa amri moja tu, bila kumwona mfasiri. Hiyo ni neema kubwa. Lakini vifurushi hivyo hutayarishwa kwa mashine zilizoenea. Mwenye chombo cha zamani au prosesa ya nadra huenda asipate kilicho chake. Hapo maabara ambayo hayupo ajuaye kufasiri hukitupa chombo kizima kana kwamba kimekufa. Penye ajuaye, chombo huendelea kupima. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hopper na waliomfuata walipunguza urefu wa ukuta kati ya mtu na mashine. Mwanafunzi mwenye busara hutumia kilicho tayari, tena hujifunza jinsi kilivyotayarishwa.