Krapf: Jina la ukoo lililotokana na kulabu na andazi

Jina Krapf, linalofahamika Kenya kupitia kwa mmishonari Johann Ludwig Krapf, lina asili katika Kijerumani cha kale, ambapo neno krapfo lilimaanisha kulabu. Baadaye neno hilo lilitumiwa kutajia kitafunio kilichofinyangwa kwa umbo la kupinda. Hadi leo, kusini mwa Ujerumani na nchini Austria, Krapfen ni andazi la duara linalokaangwa kwa mafuta na aghalabu kujazwa jemu. Huliwa hasa katika sherehe za kabla ya Kwaresima.

Majina ya koo za Wajerumani yalienea katika Enzi za Kati, mengi yakitokana na kazi, mahali au lakabu. Kwa hivyo, Krapf wa kwanza huenda alikuwa mwokaji wa maandazi hayo, au mtu aliyepinda mgongo.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Derendingen, karibu na Tübingen, mwaka wa 1810 na kufika Mombasa mwaka wa 1844. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Ndivyo lakabu ya watu wa kawaida ilivyogeuka kuwa jina la mtunzi wa kamusi.