Rangi iliyofichua mto kabla ya gari

Leo niwape historia kidogo.

Likizo iliyopita nyumbani Masieda, Land Rover ya mzee ilikuwa inamwaga oili. Fundi akasema sili ya nyuma ya injini imekufa. Tukalipa, ikabadilishwa. Kesho yake tone lilelile! Fundi mwingine akasafisha injini yote, akaikausha, akapulizia poda ya mtoto, akatuambia tuendeshe kidogo. Kumbe oili ilitoka juu kabisa, kwenye gasketi ya tapeti kava, ikateremka kimya kimya hadi nyuma. Hela ya sili imeenda hivyo.

Siku hizi kuna njia nyingine: unatia rangi kidogo kwenye oili, unaendesha gari, halafu unamulika injini kwa taa ya miali ya urujuanimno. Palipovuja panang'aa kijani-njano.

Rangi hizi zina babu zao. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza jinsi kwinini (ndiyo, dawa yetu ya malaria!) inavyopokea miali isiyoonekana na kutoa mwanga wa bluu. Mwaka 1871 Adolf von Baeyer akatengeneza fluoresini, rangi inayong'aa kijani hata ikiwa kidogo sana ndani ya maji.

Sasa sikieni. Kule Ujerumani maji ya mto Danube yalikuwa yanazama ardhini karibu na Immendingen. Je, ndiyo yaliyoibukia kwenye chemchemi ya Aach, kilomita kama 12 mbali? Wenye viwanda kando ya mto Aach waliyategemea maji hayo. Oktoba 1877 Adolf Knop akamwaga kilo 10 za fluoresini pale yanapozama. Baada ya saa 60 hivi, chemchemi ikatoa maji ya kijani! Ubishi wa maji yanakwenda wapi ukaisha, ila ule wa nani ana haki nayo ulifika hadi mahakamani mwaka 1927.

Fluoresini huyeyuka kwenye maji, hivyo inafaa kwa maji ya rejeta. Oili na gesi ya AC zinataka rangi zinazoyeyuka kwenye mafuta. Lakini somo ni moja: tone linaonyesha lilipoangukia, sio lilipotoka.

Nikipewa darasa nitaanzia hapo kufundisha chanzo na matokeo. Na wewe mdau, kabla hujalipia sili, mwambie fundi asafishe injini kwanza.

Haya, nirudi kwenye asaimenti!