Meno ya Wagonjwa wa Trenton

Wahenga walisema dawa ya jino bovu ni kung'oa. Mwanzoni mwa karne ya 20 walitokea matabibu wa Uingereza na Marekani walioivuka hekima hiyo, wakang'oa hata jino zima, wakiamini kwamba ndilo mzizi wa maradhi yaliyo mbali na kinywa.

Imani hiyo ilipata nguvu kwa hotuba ya tabibu William Hunter wa London, aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, mwaka 1910. Hunter alilaumu meno ya dhahabu yaliyofunika mizizi iliyooza. Usaha uliofichika humo, alisema, hutia sumu mwili mzima. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Elimu ya vijidudu ilikuwa imekwisha kufumbua siri za maradhi mengi, na mwaka 1913 Noguchi na Moore walikionyesha kijidudu cha kaswende ndani ya bongo za wagonjwa waliopatwa na wazimu. Ikiwa wazimu wa namna moja waletwa na kijidudu, kwa nini usiwe wa kila namna?

Hivyo ndivyo alivyowaza Henry Cotton, aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, tangu mwaka 1907. Wala hakuwa mbumbumbu: alifundishwa na Adolf Meyer, bingwa wa fani hiyo, na alisoma Ujerumani pia. Alianza na meno. Mgonjwa asipopona, alikata mafindofindo, kisha utumbo, na wengi walikufa kwa kupasuliwa huko. Aliandika kwamba kazi hiyo yataka ushupavu, hata kinyume cha matakwa ya mgonjwa. Akatangaza kuwa katika kila wagonjwa 100 huponya 85. Wanawe mwenyewe aliwang'olea meno ili kuwakinga, kwa hiyo siwezi kumwita laghai.

Mwaka 1924 Meyer alimtuma msaidizi wake, Bibi Phyllis Greenacre, akachunguze. Huyu aliwakuta watu wasio na meno ya asili wala ya bandia, ambao hata kutafuna chakula ni taabu. Alipozipekua daftari, alikuta hesabu zimevurugika, na waliotibiwa sana ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Ripoti yake ilikamilika mwaka 1926.

Hapa ndipo msomaji hana budi kusita. Cotton alipofushwa na imani yake. Meyer alikuwa na ushahidi mkononi. Walakini hakuichapisha ripoti ile, na meno yakaendelea kung'olewa. Cotton alipofariki mwaka 1933, aliyemwandikia tanzia ya kumsifu katika jarida la madaktari wa akili wa Marekani ni Meyer.