Nani Huchagua Mzigo: Historia ya Kubeba katika Nyanda za Juu za Kigoma

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Manyovu mpakani mwa Burundi, kupitia Kasulu na Kibondo hadi Kakonko, karibu kila kilichoingia au kutoka kwa karne nyingi kilipita juu ya mwili wa binadamu: kichwani, begani au mgongoni. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilishika bonde la Malagarasi huko kusini, na vilima vya Uha, nchi ya Waha, vikaachiwa waenda kwa miguu. Leo kijana wa Kasulu anayejiandaa kwa safari ya milimani hujiuliza achukue shanta gani, la uzito gani. Swali hilo ni la kale kuliko nailoni. Kilichobadilika zama hadi zama ni nani aliyekuwa na haki ya kulijibu.

Zama za kwanza tunazoweza kuzisemea ni za chumvi. Uchimbaji wa John Sutton na Andrew Roberts, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, zilikuwa zikitumiwa tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Kiangazi kilipokaza, watu walishuka kutoka Uha na nchi jirani, wakapiga kambi, wakachemsha maji hayo vyunguni, kisha wakapanda kwao na chumvi. Kwa mizigo ya nchi hii ya miyombo palikuwa na chombo kinachostahili kuangaliwa kwa karibu: kilindo. Gome la mti lilibanduliwa likiwa bichi, kipande kizima kisichopasuka, likakunjwa mviringo, likashonwa kwa nyuzi za gome lilelile na kuzibwa chini kwa kipande cha duara. Lilipokauka likawa gumu na jepesi, likifaa asali, nafaka au nguo. Chini yake ilikaa ngata ya majani au kitambaa, iliyosokotwa ili mzigo utulie utosini bila kushikwa. Sayansi ilichelewa kuuheshimu ustadi huo. Mwaka 1986 watafiti waliowapima wanawake wa Kiluo na Kikuyu nchini Kenya waliandika katika jarida la Nature kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Mbebaji wa chumvi hakuhitaji kupimwa ili ajue kiasi chake. Alijitwika alichokiweza, na faida ilikuwa yake na watu wake.

Karne ya 19 ilivuruga uhusiano huo. Biashara ya pembe za ndovu na watumwa iliiunganisha pwani na Ujiji, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuweka makazi miaka ya 1840. Hapo mzigo ukapata kipimo cha soko: frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858 pamoja na John Speke, aliueleza ufungaji wa mizigo kwa makini ambayo nadhani hakuwapa wabebaji wenyewe. Nguo zilikunjwa na kukazwa hadi zikawa mtumba mrefu mfano wa mto wa kulalia, ukatiwa vijiti pembeni usipinde begani. Shanga zilitiwa katika mifuko mirefu myembamba. Nyaya za shaba zilizungushwa na kuning'inizwa kwenye ncha mbili za mzega. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba begani, watu wa pwani wakapenda kichwani, na kila upande uliuona mtindo wa mwenzake kuwa wa kujitesa.

Juu ya mzigo wa tajiri mpagazi aliongeza wake: ngozi ya kulalia, chungu, kigoda, kilindo chenye nguo na shanga zake, na chakula. Mzigo huo wake mwenyewe ndio wapanda milima wa leo wanaoupima kwenye mizani kwa gramu, nao ulikuwa mdogo kwa sababu kila kitu kilikuwa na kazi zaidi ya moja. Ngozi ya kulalia ilifaa pia kufunika mzigo mvua ikinyesha. Asubuhi ya kuondoka palikuwa na mvutano, wenye nguvu na wakubwa wakiwahi mizigo myepesi na kuwaachia wanyonge ile ya kuvunja mgongo. Aliyeonewa alikuwa na silaha moja: kuutua mzigo na kutoroka. Kwa silaha hiyo wapagazi walishusha vipimo na kupandisha ujira mara nyingi kuliko masimulizi ya mabwana yanavyokiri.

Henry Stanley aliyaona hayo yote. Alitoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mmisionari David Livingstone, akiwa na watu 192 waliogawanywa katika misafara mitano, wakiwa na karibu tani sita za mali. Vita vya mtemi Mirambo vilimzuia Unyanyembe, karibu na Tabora, akaacha huko sehemu kubwa ya mizigo na kusonga mbele na kundi dogo. Novemba mwaka huo aliingia Uha, ambako kila mtawala alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na nguo zikamtoka kwa makumi. Alipoambiwa kwamba mbele kuna wengine wanaosubiri, alimlipa kiongozi wa njia, akaiacha barabara usiku na kupenya msitu wa mianzi. Mbuzi na kuku wa msafara walichinjwa wasije wakapiga kelele. Siku chache baadaye alikuwa Ujiji mbele ya Livingstone. Angekuwa na tani zake sita asingepenya popote. Wepesi ulikuwa ndio ufunguo wa Uha, naye aliujua kwa kulazimishwa.

Wakoloni waliichukua kazi ya upagazi wakauondoa mlango wa kutorokea. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza mwaka 1898, iliwasukuma wanaume kwenye kazi za ujira. Vita Kuu ya Kwanza ikawafanya wapagazi kwa amri. Wabelgiji waliiteka Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba, na nchi ya Uha ikakaa chini yao hadi mwaka 1921 ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wabeba mizigo walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, limebaki Dar es Salaam: Kariakoo.

Waingereza nao waliiona Uha kama ghala la vibarua. Kasulu na Kibondo zikapeleka manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro; awali walitembea kwa majuma, na baada ya kuundwa SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, mwaka 1944 wengi walisafirishwa kwa treni. Kwenda, walibeba kifurushi cha chakula na mkeka. Kurudi, walileta blanketi, nguo, pengine baiskeli, na kwa mara ya kwanza tangu zama za chumvi mzigo ukawa tena mali ya anayeubeba.

Uhuru ulikuja na amri zake. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilizihamisha kaya zilizotawanyika vilimani na kuzipeleka vijijini, na familia zikalazimika kuamua kwa haraka kipi kibebwe na kipi kiachwe. Uamuzi huohuo, katika hali ya kutisha zaidi, ulifanywa na majirani. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, Warundi walivuka kwa makundi kuingia Kibondo na Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 Warundi wakaja tena, wengi kupitia kijiji cha Kagunga, hata kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Godoro lililokunjwa, sufuria, dumu la maji, mtoto kwenye mbeleko, na baadaye ule mfuko wa miraba tunaouita shangazi kaja. Sioni haki kuandika historia ya mzigo mwepesi katika mkoa huu na kuwaruka watu waliobeba kidogo kwa sababu hawakuachiwa kingine.

Wakati huohuo, mbali na hapa, wepesi ulikuwa unageuka kuwa elimu ya hiari. Mwaka 1952 Dick Kelty wa California alianza kuuza shanta lenye fremu ya alumini na mkanda wa kiunoni, likahamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Ubaya wake ni kwamba lilimwezesha mtu kubeba zaidi, naye akabeba zaidi. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, aliitembea njia ya Appalachian ya Marekani, kilomita 3,300 hivi, akiwa na gunia la kitambaa alilolishona mwenyewe na kulitupia begani. Kinga yake ya mvua ilikuwa pazia la bafuni. Mpagazi wa Burton angemwelewa mara moja. Ray Jardine aliufanya mtindo huo kuwa nadharia katika kitabu chake cha mwaka 1992, na ikazaliwa kanuni inayofuatwa hadi leo: vitu vyote vya safari, ukiondoa chakula, maji na nishati ya jiko, visizidi kilo nne na nusu.

Hapa Tanzania kipimo kilirudi kwa njia ya sheria. Wapagazi wa Kilimanjaro, waitwao wagumu, hupimiwa mizigo getini, na kikomo cha mzigo wa kampuni ni kilo 20. Ni ushindi, ingawa mzigo wenyewe bado umechaguliwa na mwingine.

Anayejichagulia ni yule kijana wa Kasulu, mbele ya meza ya mitumba au duka linaloleta mali kutoka Kariakoo. Chakula cha siku tatu na maji lita tatu vitamwongezea kilo tano hivi juu ya zile nne na nusu za vitu vyake, jumla isifike kilo kumi, chini ya theluthi moja ya mzigo wa msafara. Basi apime vitu kwanza, shanta baadaye; anayeanza na shanta kubwa hulijaza. Kwa uzito huo hahitaji fremu: mkeka wa sponji uliokunjwa ukikaa upande wa mgongo unatosha, kama vile vijiti vilivyotosha pembeni mwa mtumba. Apimishe mgongo wake, kutoka mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi usawa wa juu ya nyonga, kwa sababu kimo hakisemi kitu hapa. Warefu wenye migongo mifupi ni wengi. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, usibane tumbo. Mvua za huku, kuanzia Novemba hadi karibu na Mei, hupenya mishono ya kila shanta, hivyo ndani atandike nailoni ile nzito inayokuja ndani ya gunia la mbolea, ikiwa imeoshwa sana. Mitumba ina siri zake: avute mikanda pale iliposhonewa, akunje vifungo vya plastiki aone kama vimekauka, apitishe kiganja ndani. Kitambaa kinachonata au kumeguka unga mweupe kimekwisha, hata rangi ya nje ikiwa inang'aa. Kisha aombe kilo nane za unga duka la jirani, azitie ndani, apande nalo kilima na kushuka, ndipo azungumze bei.