Tarakilishi iliyomkumbusha daktari

Sisi watunga programu hujisifu sana, ila kazi ninayoionea wivu ilifanyika Eldoret.

Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha AMPATH kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi. Mwaka 2006 ikaanza kutumia OpenMRS, programu huria.

Mtoto hukua, na dozi yake hufuata uzito. Kipimo kikisahaulika, yeye ndiye huumia. Basi tarakilishi ikawa inamchapishia daktari vikumbusho. Utafiti katika kliniki ya watoto, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba bila vikumbusho 18% ya kazi zilizochelewa zilikamilishwa, navyo, 68%.

Karatasi tu, jamani! Siku hizi kabla sijaandika programu najiuliza: itamkumbusha nani, nini?