Hifadhi mipangilio ya kompyuta za gari lako kabla fundi hajaigusa

MAGARI mengi yanayoteremshwa katika bandari ya Mombasa siku hizi yamejaa kompyuta ambazo dereva hazioni. Ipo inayosimamia injini, ipo ya giaboksi, ipo ya breki, ipo ya mifuko ya hewa, na ipo inayotawala milango, taa na vioo. Kila moja ina mipangilio yake iliyoandikwa kiwandani. Mipangilio hiyo ikivurugika, gari zima laweza kugeuka pambo la uani.

Ajabu ni kuwa wenye magari wengi hawana nakala yoyote ya mipangilio hiyo. Fundi huchomeka mashine yake, akabonyeza hapa na pale, akabadilisha hiki na kufuta kile. Mambo yakienda mrama, hakuna ajuaye hali ya awali ilikuwaje, si fundi wala mwenye gari. Ilhali kazi ya kuhifadhi nakala huchukua muda mfupi, na mara nyingi haihitaji kifaa zaidi ya kile alicho nacho fundi.

Mipangilio ni kitu gani?

Kampuni ya magari haitengenezi kompyuta mpya kwa kila aina ya gari. Kompyuta moja ya taa na milango, kwa mfano, huweza kutiwa katika Volkswagen Golf ya milango mitatu au mitano, yenye usukani wa kulia au wa kushoto, yenye taa za ukungu au isiyo nazo. Kinachoitofautisha ni msimbo, yaani mfululizo wa tarakimu na herufi unaoiambia kompyuta imo katika gari la namna gani.

Herufi moja ikikosewa, taa fulani haitawaka, au dashibodi itaonyesha hitilafu ambayo haipo. Katika kompyuta ya breki au ya mifuko ya hewa, kosa kama hilo ni suala la uhai. Mfuko wa hewa ambao kompyuta yake haujui upo hautafunguka siku ya ajali.

Mbali na msimbo huo, kompyuta nyingi huwa na vipimo vya marekebisho. Mathalani, kuna muda ambao taa hubaki zikiwaka baada ya mlango kufungwa, au umbali uliosalia kabla ya kubadilisha oili. Vipimo hivi huhifadhiwa mahali tofauti na msimbo, na wengi huvisahau wakati wa kuchukua nakala.

Vifaa vinavyohitajika

Mlango wa kuingilia ni soketi yenye pini 16, ambayo kwa kawaida iko chini ya dashibodi karibu na usukani. Nchini Marekani soketi hii ilifanywa lazima kwa magari ya mwaka wa 1996 na baadaye, na barani Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Magari mengi yaliyotengenezwa Japani katika kipindi hicho pia yanayo.

Msomaji atambue kuwa si kila kifaa kinachoingia katika soketi hiyo kinafaa. Vifaa vingi vya bei nafuu husoma misimbo ya hitilafu za injini pekee. Ili kusoma mipangilio ya kompyuta zote, huhitajika programu inayofahamu gari husika. Kwa magari ya Volkswagen, Audi, Skoda na Seat, mafundi wengi hutumia programu ya VCDS ya kampuni ya Ross-Tech ya Marekani. Kwa Ford na Mazda ipo FORScan, na kwa Toyota ipo Techstream.

Kitu cha pili ni umeme wa kutosha. Betri iliyojaa na iliyotulia huonyesha takriban volti 12.6. Ikiwa imeshuka karibu na volti 12, usianze kazi. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imezimwa, kompyuta zote huamka na kunyonya betri. Kusoma tu hakuna hatari kubwa, lakini umeme ukianguka wakati wa kuandika, kompyuta yaweza kubaki na maandishi nusu nusu na isiamke tena. Ndiyo maana mafundi makini huunganisha chaja imara kabla ya kuandika chochote.

Hatua za kufuata

Kwanza, zima redio, taa na feni ya hewa baridi. Chomeka kifaa, kisha fungua ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini.

Pili, fanya uchunguzi wa gari zima, si wa injini peke yake. Kwa VCDS, uchunguzi huo hutoa orodha ya kila kompyuta, nambari yake ya kipuri, toleo la programu yake, msimbo wake na hitilafu zilizomo. Hifadhi orodha hiyo kama faili kabla ya kufuta hitilafu hata moja. Kufuta kwanza ni kuharibu ushahidi.

Tatu, chukua vipimo vya marekebisho. Uchunguzi wa jumla hauvichukui. Katika VCDS ipo sehemu maalumu inayosoma vipimo vya kompyuta moja baada ya nyingine na kuviandika katika faili. Kwa baadhi ya kompyuta kazi hii huchukua dakika kadhaa, basi kuwa na subira. Anza na ile utakayoigusa, kisha dashibodi, breki na kompyuta ya taa na milango. Kwa FORScan, fungua sehemu ya mipangilio ya kila kompyuta na uihifadhi kabla ya kubadilisha lolote.

Nne, lipe faili jina linaloeleweka: nambari ya usajili, tarehe na kilomita. Faili lisilo na tarehe halitakufaa baada ya miaka miwili.

Tano, fungua faili ulilohifadhi na ulisome. Hakikisha nambari ya chesisi iliyomo ni ya gari lako na kwamba hakuna kompyuta iliyorukwa. Kisha weka nakala mahali pawili, kwa mfano katika flashi na katika barua pepe yako. Nakala iliyo katika tarakilishi ya fundi pekee ni mali ya fundi, si yako.

Wenye Toyota za dizeli

Wenye Prado na Hilux za dizeli zenye mfumo wa D-4D wana sababu ya ziada ya kujihadhari. Kila nozeli ya injini hizo ina msimbo wake uliochapishwa juu yake, unaoeleza tofauti ndogo ya kiasi cha mafuta inachomwaga. Msimbo huo huandikwa katika kompyuta ya injini. Kompyuta ikibadilishwa, misimbo ya nozeli zote lazima isomwe kutoka kwa ile kuukuu na kuandikwa katika mpya. Bila hivyo, injini huweza kunguruma vibaya au kutoa moshi, na mwenye gari akauziwa nozeli ambazo hakuzihitaji.

Ikiwa kompyuta kuukuu imekufa kabisa, njia iliyobaki ni kusoma misimbo hiyo juu ya nozeli zenyewe. Kwa hivyo ni busara kuisoma na kuinakili mapema, injini ingali nzima, na kuzingatia ni silinda gani ina msimbo gani.

Kile ambacho nakala haihifadhi

Nakala ya mipangilio si nakala ya kompyuta nzima. Haina programu yenyewe inayoendesha kompyuta, wala haina siri za mfumo wa kuzuia wizi unaotambua ufunguo. Atakayenunua kompyuta ya injini iliyotumika katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na kudhani kuwa faili lake litaiwezesha kuwasha gari, atavunjika moyo. Kazi hiyo huhitaji ujuzi na vifaa vingine. Katika magari kadhaa ya Volkswagen na Audi, baadhi ya kompyuta hufungwa kwa gari moja na hazifanyi kazi kikamilifu kwingine hadi ziunganishwe na mtandao wa kampuni.

Vilevile kuna mambo ambayo gari hujifunza upya badala ya kuandikiwa, kama vile nafasi ya katikati ya usukani. Hayo hupangwa upya kwa utaratibu wake baada ya matengenezo.

Wakati wa kurejesha

Siku ya kurejesha, linganisha kwanza nambari ya kipuri na toleo la programu ya kompyuta iliyomo garini na yale yaliyo katika faili. Yakitofautiana, usinakili msimbo kwa pupa, kwani herufi ile ile huweza kuwa na maana nyingine. Kamwe usichukue msimbo wa gari la jirani, hata kama yanafanana kwa rangi na mwaka.

Rejesha kitu kimoja, jaribu, kisha uendelee na kingine. Ukimaliza, fanya uchunguzi mpya wa gari zima na uulinganishe na ule wa awali. Taa ya mifuko ya hewa au ya breki ikibaki inawaka, gari lisiingie barabarani hadi chanzo kijulikane.

Dai nakala yako

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8. Kwa hivyo hata magari yaliyotumika yanayoingia leo ni ya kizazi chenye kompyuta nyingi, na gereji za jua kali hazina budi kuzishughulikia. Mwenye gari naye hana budi kubadili mazoea. Kabla ya fundi kuanza, mwombe akufanyie uchunguzi wa gari zima na akukabidhi faili. Baada ya kazi, dai la pili. Faili hizo mbili zitaonyesha kilichobadilishwa, na zitamlinda fundi mwaminifu sawa na zinavyomlinda mteja.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Fundi aweza kujaribu mengi katika kompyuta za gari lako, lakini gari lisilo na nakala halina ngama ya kurejea.